UZI: Treni ya mvuke inayopanda mlima kwa meno, na maswali ya mzee wangu aliyefanya kazi ya reli

MtotoWaLoko (Tororo)

Habari za saa hizi wote. Naomba mnivumilie huu uzi ni mrefu, manake nina wiki mbili nimekaa na hili jambo kichwani na hapa kwetu watu wa kuongea nao mambo ya reli wamebaki wachache sana.

Mzee wangu ana miaka 83. Aliingia reli 1959 kama msafishaji wa vichwa vya treni pale loko shedi, baadaye akawa faiaman, yaani mchochea moto, kwenye zile Garratt, vichwa vikubwa vya mvuke, za klasi 60 zilizokuwa zimepewa majina ya magavana, Tororo kwenda Eldoret na mara nyingine anaunganishwa mpaka Nakuru. Sasa macho yake bado mazuri ila miguu imechoka, kwa hiyo jioni namuwekea vidio kwenye simu tunatazama pamoja. Juzi nikamuwekea treni moja ya Marekani, jimbo la New Hampshire, inaitwa Mount Washington Cog Railway, ya mvuke, inapanda mlima mpaka kileleni. Nilidhani atatazama dakika tano alale. Alikaa wima akaniambia rudisha nyuma, rudisha tena, simamisha hapo hapo.

Kitu cha kwanza alichoniuliza: "Mbona boila imeinama kama ng'ombe anayekunywa maji mtoni?"

Na kweli ukiiangalia ile treni ikiwa stesheni chini kwenye tambarare inaonekana kama imeharibika, pua ya boila imelala kwenda chini, nyuma imenyanyuka. Mzee akanyamaza kidogo alafu akajijibu mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Akasema eeh, hii imetengenezwa kwa ajili ya mlima, siyo kwa ajili ya stesheni. Ikifika kwenye mteremko ndo inakaa sawa.

Niwaeleze kwa nini hilo lilimshika hivyo. Ndani ya boila kuna jiko, na juu ya jiko kuna bati, tuseme ni dari ya jiko. Ile dari lazima iwe imefunikwa na maji saa zote. Maji yakiisha juu yake hata kwa muda mfupi chuma kinalainika kwa joto, presha inakisukuma, na hapo boila inalipuka. Kazi kubwa ya faiaman watu wanadhani ni moto, mzee anasema hapana, kazi kubwa ni kioo cha maji, kile kinachoonyesha maji yamebaki kiasi gani ndani ya boila. Moto ukipungua mtachelewa. Maji yakipungua hamtarudi nyumbani. Sasa chukua boila ya kawaida uipandishe mlima mkali, maji yote yanakimbilia upande mmoja na upande wa pili unabaki mkavu. Ndo maana hawa wakaiinamisha tangu kiwandani, ili ikiwa mlimani maji yalale sawa juu ya dari.

Mlima wenyewe una mita 1,917. Reli yake ina urefu wa kilomita 4.8 hivi tu, lakini mwinuko wa wastani ni asilimia 25, na sehemu kali kuliko zote inafika asilimia 37.41. Yaani kila mita 100 unazosogea mbele kwa usawa unapanda mita 37. Mahali hapo panaitwa Ngazi ya Yakobo, ni daraja la nguzo, na behewa likiwa pale abiria wa kiti cha mbele anakuwa juu ya abiria wa kiti cha nyuma kwa mita 4 na zaidi. Reli yetu ya Garratt kule kwenye milima ilikuwa inahangaika na asilimia 1.5 mpaka 2.

Nitaendelea, umeme unacheza hapa.

DadaWaJinja

Endelea kaka, tuko hapa. Mimi babu yangu alikuwa Busoga Railway, ile ya Jinja kwenda Namasagali ya 1912, watu wa nyumbani waliizungumzia mpaka tukachoka na sasa hayupo tena wa kuulizwa. Mrekodi mzee wako.

fundi_namanve

Swali la haraka. Asilimia 37 gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma haliwezi kushika, litateleza tu hata uweke mchanga gunia zima. Inashika wapi?

MtotoWaLoko (Tororo)

Umeme umerudi. @fundi_namanve hapo ndo penyewe.

Katikati ya zile reli mbili kuna reli ya tatu. Chukua vyuma viwili vya pembe, vile vya L mnavyochomelea magetini, viweke sambamba, alafu katikati yake uvishikanishe kwa vipande vya chuma vya duara, kimoja baada ya kingine, sawasawa na ngazi ya kupandia mti. Chini ya kichwa cha treni kuna gurudumu la meno, jino linaingia kati ya kipandio na kipandio, linasukuma, la pili linaingia, hivyo hivyo mpaka juu. Magurudumu ya kawaida yanabeba uzito na kuelekeza njia basi, hayana nguvu yoyote ya injini. Nguvu yote inapita kwenye meno. Vichwa vile vya mvuke vina silinda nne na magurudumu mawili ya meno, kila gurudumu lina silinda zake mbili, na gia ni za kupunguza kasi ili nguvu iongezeke. Ndo maana ukiiona pistoni zinakimbia mbio mbio, utasema inaenda kasi ya ajabu, kumbe treni yenyewe inaenda kilomita 4.5 kwa saa. Mtu mwenye mguu mzuri anaipita.

Mzee aliusikia ule mlio akasema "hii inapumua kwa haraka lakini inatembea kama bibi harusi".

Kupanda safari moja inakula tani moja ya makaa ya mawe na maji kama lita 3,800. Hapo mzee akamwonea huruma yule faiaman wa kwenye vidio, manake yeye Garratt zake zilikuwa za mafuta mazito, unafungua vali unasikiliza moto, hakuwahi kupiga sepeto. Tani nzima kwa sepeto, ndani ya saa moja na kitu, kwenye sakafu iliyoinama.

Na kitu kingine, kichwa hakivuti behewa. Kinakuwa chini, kinasukuma. Behewa moja tu, na halijafungwa kwenye kichwa, limeegemea tu. Wakati wa kushuka kichwa kinatangulia chini na behewa linakifuata limelala juu yake.

Masaba_Boy

Subiri subiri. Halijafungwa??? Mimi ni mtu wa Sironko nimezaliwa kwenye mteremko, baba yangu alinifundisha mzigo wa mlimani unaufunga mara mbili.

MtotoWaLoko (Tororo)

@Masaba_Boy nami nilishtuka hivyo hivyo. Lakini fikiria. Uzito wa behewa lenyewe ndo kamba, mlima unalisukuma kwenye kichwa saa zote, haliwezi kwenda kwingine. Sasa kichwa kikipata shida, tuseme kimepoteza mshiko, ukiwa umelifunga behewa litaburutwa nacho. Lisipofungwa, mtu wa breki aliyeko ndani ya behewa anakaza breki zake na behewa linabaki pale pale mlimani, kichwa kiende peke yake. Behewa lina gurudumu lake la meno na breki zake, na yule mtu wa breki hayupo pale kukata tiketi, wakati wa kushuka anafanya kazi njia nzima, anakaza analegeza, anakaza analegeza, ili uzito wote usikilalie kichwa.

Wakati wa kupanda pia kuna kidole cha chuma kinachorukaruka juu ya gurudumu lenye meno ya kuzuia. Likienda mbele kinapita, likitaka kurudi nyuma kinaingia na kufunga. Unausikia mlio wake tak tak tak.

Mwalimu_Bombo

Ndugu umeanza vizuri, ila historia umeiruka na ni tamu, niruhusu niijaze.

Aliyeijenga ni Sylvester Marsh, mtu wa jimbo hilo hilo la New Hampshire aliyetajirika Chicago kwenye biashara ya nyama. Mwaka 1857 alipanda huo mlima, hali ya hewa ikamgeukia, nusura apotelee huko. Akashuka na wazo kwamba lazima kuwe na njia salama ya kufika juu. Mwaka 1858 akaenda bungeni kwao kuomba kibali, wabunge wakamcheka, wakamwambia afadhali ajenge reli mpaka mwezini. Kibali wakampa. Ujenzi ulianza 1866 na treni ikafika kileleni tarehe 3 Julai 1869. Ndiyo reli ya kwanza duniani ya kupanda mlima kwa meno. Reli ya mlima Rigi kule Uswisi, aliyoijenga Niklaus Riggenbach, ilikuja 1871.

Kichwa cha kwanza kilikuwa na boila iliyosimama wima kama chupa, watu wakakiita Old Peppersass kwa sababu kilifanana na chupa ya sosi ya pilipili. Na angalieni akili ya Marsh, ile boila aliininginiza kwenye mhimili ili mlima ukiinama yenyewe ibaki wima. Tatizo lile lile la maji ambalo mzee alilinusa kwa jicho moja.

KijanaWaGulu

Mwalimu asante. Na hii ndo kali kuliko zote duniani?

Mwalimu_Bombo

Hapana, ni ya pili. Pilatus ya Uswisi, ya 1889, inafika asilimia 48. Ule ni mkali mpaka wakaogopa jino lingeruka nje ya reli likiingia kutoka juu, kwa hiyo kule meno yanashika kutoka pembeni, kushoto na kulia kwa pamoja, kama vidole viwili vimebana. Lakini ile iliwekwa umeme 1937.

fundi_namanve

Sasa nimeelewa kupanda. Nielezeni kushuka. Kwenye gari kubwa mtu akishuka kwa breki tupu zinachemka zinakufa, tumeyaona sana hapa barabarani. Unatumia gia. Hawa wanatumia nini?

MtotoWaLoko (Tororo)

@fundi_namanve wewe na mzee mngeelewana sana, manake hilo ndo swali lililomfanya asilale mapema siku hiyo. Aliniambia maneno ambayo nimeyaandika kwenye daftari: "Kupanda ni kazi ya moto. Kushuka ni kazi ya mtu."

Wakati wa kushuka mvuke haufanyi kazi ya kusukuma. Dereva anafunga mvuke, mlima ndo unaisukuma treni, meno yanazungushwa na reli badala ya yenyewe kuisukuma reli, na zile gia zinazungusha pistoni kwa nguvu. Pistoni sasa zinakuwa pampu. Zinavuta hewa zinaibana ndani ya silinda, na hewa iliyobanwa inakataa, inarudisha nguvu, ndo inayoishikilia treni. Dereva anaiachia ile hewa kidogo kidogo kwa vali, akitaka kwenda polepole anaibana zaidi. Ni gia ya kushukia kabisa kama ya lori. Shida ni kwamba hewa ikibanwa inakuwa ya moto sana, kwa hiyo wanaingiza maji kidogo kwenye silinda kuzipoza, na ndo maana kwenye vidio unaona treni inashuka inatoa ukungu mweupe na wewe unadhani inachoma makaa. Mzee aliliona hilo akapiga goti lake kwa kiganja, akasema hawa watu walikaa wakafikiri.

DadaWaJinja

Nimesoma hii post mara tatu. Kwa hiyo kitu kile kile kinachompandisha ndo kinachomshikilia asianguke.

MtotoWaLoko (Tororo)

Ndo hivyo dada. Na waliolipia makosa wapo, sitaki kuwaficha. Ile Old Peppersass ilirudishwa mlimani tarehe 20 Julai 1929 kwa sherehe, ikiwa kizee cha miaka zaidi ya 60. Ilipoanza kushuka ikapoteza mshiko, ikakimbia peke yake, watu wakaruka, mpiga picha mmoja akafa. Vipande vyake vilikusanywa vikaunganishwa tena, mpaka leo imesimama chini ya mlima watu wanaitazama. Alafu tarehe 17 Septemba 1967, wakati wa kushuka, swichi ya reli, pale treni inapobadilishiwa njia, haikuwa imewekwa sawa, kichwa kikatoka relini, behewa likateremka peke yake na kuanguka. Watu 8 walikufa.

Nilipomsomea mzee habari ya 1967 alinyamaza muda mrefu. Akasema wahenga walishasema mpanda ngazi hushuka, lakini sisi wa reli tunaulizana anashuka vipi, na nani alikagua njia kabla yake.

Masaba_Boy

Pole kwa hao. Hapo nimeguswa.

Kuna mtu lazima atauliza kwa hiyo naliuliza mimi: je, hii haiwezi kujengwa kwetu Elgon? Watalii wapande kwa treni badala ya kutembea siku nne.

Mwalimu_Bombo

Jaribu kukumbuka maporomoko ya udongo ya Bududa Machi 2010 kabla hujachora ramani. Karibu ile reli yote ya Mount Washington imekaa juu ya nguzo, na nguzo zimekaa juu ya mwamba. Udongo wetu wa Masaba ni wa volkano, mzito, mzuri kwa kahawa na ndizi, mvua ikizidi unatembea na kila kilicho juu yake. Na Wagagai, kilele cha Elgon, una mita 4,321.

Masaba_Boy

Kweli mwalimu. Bududa nina ndugu walioondoka. Basi tuiache.

KijanaWaGulu

Nimeenda kutafuta na nimekutana na kitu cha ajabu, wafanyakazi wa zamani wa hiyo reli walikuwa hawasubiri treni kurudi nyumbani. Walikuwa na ubao wa kama mita moja wenye chuma chini, wanauweka juu ya ile reli ya meno ya katikati, mtu anakaa juu, ana breki mbili za mkono, anajiachia mpaka chini. Waliuita kigae cha shetani. Rekodi ni dakika 2 na sekunde 45 kutoka kileleni! Kwa kilomita 4.8 hiyo ni zaidi ya kilomita 100 kwa saa, umekaa juu ya ubao. Baadaye vikapigwa marufuku, watu walikufa.

DadaWaJinja

Mungu wangu. Nimekumbuka watoto wa Kisoro na baiskeli zao za mbao wanavyoteremka na magunia ya viazi.

fundi_namanve

Na upepo je? Mlima mrefu hivyo.

Mwalimu_Bombo

Upepo wa huko ni wa kuandikwa. Tarehe 12 Aprili 1934 kituo cha hali ya hewa pale kileleni kilipima upepo wa kilomita 372 kwa saa. Kwa miaka mingi hakuna mahali popote duniani palipopimwa upepo wa uso wa ardhi mkali kuliko huo.

MtotoWaLoko (Tororo)

Nirudi kidogo nyumbani, manake kuna jambo mzee alilisema kwa uchungu na nataka libaki mahali limeandikwa.

Nilipomwambia kilele chao ni mita 1,917 akaniuliza Timboroa, kule Kenya, ni ngapi. Nikatafuta. Reli yetu ya kuja Uganda pale juu ya Timboroa inafika futi 9,136, yaani zaidi ya mita 2,780. Bila jino hata moja! Treni zilizokuwa zinaleta bidhaa zetu Tororo na Kampala zilikuwa zinapita juu kuliko kilele cha mlima wao. Tofauti ni kwamba wao walipanda moja kwa moja kama ngazi, sisi tulizungushwa, kona baada ya kona, kilomita mamia, ili mwinuko usizidi kile ambacho gurudumu tupu linaweza kushika.

Na hata hiyo haikuanza hivyo. Watu wa reli walipofika ukingo wa Bonde la Ufa, njia ya kudumu ilikuwa bado, kwa hiyo kwa muda mpaka 1901 hivi walishusha mabehewa kwa kamba za chuma kwenye mteremko mkali. Behewa linawekwa juu ya kibebeo, linaloshuka na mzigo linalivuta linalopanda. Kwa hiyo na sisi tumewahi kuwa na ngazi yetu.

Mzee anasema shida yao kubwa ilikuwa kuteleza. Mvua ya manyunyu ni mbaya kuliko mvua kubwa, kubwa inaosha reli, ya manyunyu inaipaka utelezi. Na viwavi na nzige, wakiwa wengi relini wanasagwa wanakuwa kama mafuta, magurudumu yanazunguka papo hapo, unamwaga mchanga, unarudi nyuma kidogo, unajaribu tena. Usiku, baridi ya Timboroa, jasho la boila mgongoni na kifua kinaganda.

Kitu kimoja kilimfurahisha. Vichwa vya kule New Hampshire, kile namba 2 cha 1875 na namba 9 cha 1908, vilitengenezwa mji unaoitwa Manchester, Manchester ya huko huko New Hampshire. Garratt zetu kubwa za klasi 59, zile 34 zilizopewa majina ya milima yetu na mmojawapo ni Mount Elgon, zilitengenezwa na Beyer Peacock, Manchester ya Uingereza. Alikuwa anarudia "Manchester na Manchester" kama anaomba.

Sasa uchungu wenyewe. Wale wenzetu kuanzia 2008 wameleta vichwa vya dizeli ya mimea, vinapanda haraka na kwa gharama ndogo, safari nyingi ni za hivyo. Lakini mvuke hawakuuzima. Wameacha vichwa vinavyowashwa bado, na kila anayewasha lazima afundishwe na aliyewasha kabla yake. Sisi Jumuiya ilipovunjika 1977 vikagawanywa, vingi vikakatwa vikaenda chuma chakavu. Nairobi wana makumbusho, zipo kule mbili za klasi 59. Mzee hakulia kwa sababu ya chuma. Aliniambia chuma utakitengeneza tena ukitaka, ila yule anayejua kusikiliza maji kwenye boila akiondoka, hakuna kiwanda cha kumtengeneza.

DadaWaJinja

Nimeshindwa kuandika. Mpe mzee salamu zangu, shikamoo yake nyingi.

fundi_namanve

Kaka naomba umuulize kitu kimoja kwa niaba yangu. Kushuka Timboroa na tani mia kadhaa nyuma, bila meno, bila hewa ya silinda kama ya hao, wao walikuwa wanajuaje kwamba breki zimeanza kuchoka kabla hazijachoka kabisa? Mimi nafundisha vijana kwenye gereji, nataka niwaambie kwa maneno yake.

MtotoWaLoko (Tororo)

Nimemuuliza asubuhi hii akiwa anakunywa chai. Anasema hivi, naandika kama alivyosema:

"Mwambie kwanza hushuki bila kusimama juu. Unasimama, unashuka chini, unatembea kando ya treni unagusa na kutazama, behewa kwa behewa, hata kama mnachelewa. Pili, unashika breki ukiwa bado polepole, usingoje ikimbie ndo uanze kuikamata. Tatu ni pua. Chuma cha breki kikianza kuchoka kinanuka kabla hakijaonyesha moto, harufu kali inakaa kooni, na kwenye kona upepo unakuletea ile ya mabehewa ya nyuma. Kwa hiyo faiaman kwenye kona anatoa kichwa nje, haongei, ananusa. Na akivuta ile harufu hamuombi dereva ruhusa, anapiga kelele."

Alafu akaniambia nimletee simu, anataka kuona tena pale Ngazi ya Yakobo wakishuka.